Chemka, Manyara au Natron: wapi kunafaa kwenda na kurudi siku moja?

MamaPasua: Wakuu, shikamooni wakubwa. Mama yangu amekuja kutoka Same, magoti yanamsumbua, anataka nimpeleke kwenye maji moto. Nina watoto wawili pia. Tunatoka Moshi Jumamosi asubuhi na lazima tulale nyumbani. Nimetajiwa Chemka, Manyara na Natron. Niwapeleke wapi?

Mzawa_wa_Hai: Chemka, dada. Ukifika Boma Ng'ombe unaacha lami unaingia kushoto, halafu ni vumbi tu hadi Rundugai. Ila mama aambiwe mapema: maji yale si moto, ni vuguvugu. Jina limetokana na yanavyobubujika kutoka chini kama sufuria iliyo jikoni. Mimi kila nikienda huanza kwa kukaa kwenye mzizi wa mkuyu na kutumbukiza miguu. Samaki wadogo wanakuja kisiginoni, wanadonoa ile ngozi ngumu, inatekenya hadi unajikunja. Maji ni maangavu, unaona mchanga ukitifuka pale yanapotokea. Watoto wasiojua kuogelea usiwaachie hata dakika moja, kuna kina. Mama naye ashikwe mkono, mizizi inateleza. Wahini asubuhi, mchana panajaa.

Dereva_Njiro: Manyara ndiko kwenye maji moto hasa, kule kusini mwa hifadhi yanafika nyuzi 60. Hayo ni ya kutazama na kunusa kiberiti, ukiingiza mguu unaungua. Halafu pigia hesabu barabara: Moshi hadi Arusha kilomita 80, Arusha hadi lango la Mto wa Mbu 120 nyingine, na bado hujaingia ndani. Mama atakunja magoti garini siku nzima. Natron usiijaribu kabisa kwa siku moja. Heroe na Mlima Lengai vinataka mtu alale huko.

Kinara_Sakina: Naongezea: maji ya Natron yana magadi makali, si ya kuogelea.

MamaPasua: Asanteni sana. Mwanangu anauliza, yale maji yanayoruka juu yenyewe tutayaona?

Mzawa_wa_Hai: Huku hapana. Ili yaruke, maji yabanwe kwenye mwanya mwembamba ardhini, yachemke, mvuke uyasukume kwa nguvu. Ya karibu yako Ziwa Bogoria, Kenya. Mwanao akikua mpeleke, ni kitu cha kuona kwa macho.

MamaPasua: Basi ni Chemka. Magoti nitamkanda mwenyewe jioni kwa maji ya jikoni. Nimemwambia maji si moto, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama hao samaki wanauma.

Mzawa_wa_Hai: Hawaumi. Mpe shikamoo yangu, na mwambie aanze na mguu mmoja.