Naomba ushauri: kumpeleka mama maporomoko ya Kalambo

Habari zenu ndugu. Mama yangu amezaliwa Matai, Rukwa, na amefikisha miaka 64 bila kuyaona maporomoko ya Kalambo kwa macho yake. Utotoni aliambiwa huko si pa watoto, kisha akaolewa Morogoro. Juzi nilimwonyesha video kwenye simu, akairudia mara tatu, akasema tu, "Kumbe ndiyo hivi." Tangu hapo sina amani mpaka nimpeleke.

Najua maji yanaanguka zaidi ya mita 200 mpakani mwa Tanzania na Zambia, halafu mto unaendelea hadi Ziwa Tanganyika. Shida yangu ni goti lake la kulia. Tambarare anatembea vizuri, ila kwenye mteremko lazima ashike mkono wa mtu, na ngazi tatu tu zinamtoa jasho.

Waliowahi kufika, naomba mnisaidie. Je, pale juu kuna sehemu salama ya kukaa na kuyaona maji vizuri bila kushuka bondeni? Kutoka Matai kwenda huko, gari dogo linapita au nikodi lenye miguu mirefu? Nafikiria mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekatika lakini mto bado umejaa. Au barabara inakuwa bado na tope? Nikisubiri mpaka Septemba nahofia maji yatakuwa yamepungua sana, na safari ya namna hii sidhani kama ataiweza mara mbili.

Natanguliza shukrani.