Tupeane uzoefu: Ni kitabu gani kilichokufanya usome Kiswahili kwa hiari yako, hapa Uganda?

Mwalimu wa Masaka (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wasomaji, nawasalimu nyote. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, sipiti wiki bila kuulizwa na mzazi au mwalimu mwenzangu: "Tuanze na kitabu gani?" Nionavyo, watu wamenunua vitabu vingi vya sarufi, lakini vya kusoma wamenunua vichache mno. Naomba kila mmoja wetu ataje kitabu kimoja cha aina yoyote, iwe riwaya, utenzi, tamthilia au hata kitabu cha tiba, mradi aeleze alikipata wapi, alikuwa katika hali gani, na ni kitu gani kilichomshika. Orodha za majina matupu tunazo tayari.

Nianze mimi. Nilikuwa na miaka kumi mji wa Masaka ulipotekwa mwaka 1979, katika vita vya kumwondoa Idi Amin. Kabla ya siku hizo, Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, na mama alitukataza kabisa kuigiza nyumbani amri tulizozisikia huko. Kisha wakaja askari wa Tanzania. Asubuhi moja nilimwona mmoja wao ameketi chini ya mwembe, karibu na nyumba iliyobaki kuta tu, bunduki imelala magotini, naye anasoma kijitabu na kucheka peke yake. Sikujua ni kitabu gani na sikuthubutu kumkaribia, lakini tangu siku ile nilijua kwamba lugha ile ilikuwa na mambo mengine ndani yake.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, nikakutana na *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, riwaya ya upelelezi iliyotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Nilianza kukisoma nikiwa na penseli, napiga mstari chini ya kila neno nisilolijua. Penseli ile ilinisaidia kurasa chache tu. Baada ya hapo niliisahau, kwa maana nilitaka kujua nani amemuua marehemu, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake hakuwa akiniambia. Ndiyo sababu nawashauri watu waanze na upelelezi. Msomaji mwenye hamu ya kujua mwisho huyaruka maneno magumu bila woga, na mengi kati ya hayo hujieleza yenyewe mbele ya safari.

Nesi, Koboko

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni binti wa askari, nimezaliwa kambini, kwa hiyo Kinubi na Kiswahili ni lugha nilizozipata kabla sijajua kwamba zina majina. Lakini kusoma Kiswahili ni jambo jingine, nami nilijifunza kazini.

Kitabu changu ni *Mahali Pasipo na Daktari*, tafsiri ya kitabu cha David Werner, ambacho asili yake ni maandishi ya Kihispania yaliyoandaliwa kwa ajili ya wanavijiji wa milima ya Mexico. Nilipopangiwa kituo kidogo cha afya karibu na mpaka, nilikuta nakala moja kabatini, jalada limekwisha liwa na mchwa. Wagonjwa wetu walikuwa wa makabila mengi, baadhi wakitoka ng'ambo ya mpaka, na lugha iliyotuunganisha ilikuwa Kiswahili cha kuombea maji. Nilijua kusema "kuhara", lakini sikujua namna ya kumweleza mama, kwa upole na bila kumtisha, kwamba mtoto anayehara hufa kwa kuishiwa maji, na kwamba kumnyima kinywaji ili tumbo likauke ni kumwongezea hatari. Kitabu kile kilinipa sentensi hizo zikiwa tayari, fupi na zenye heshima, pamoja na michoro. Nilikuwa nikizisoma usiku kwa sauti, kama mtu anayejifunza sala.

Naomba niseme jambo moja kwa wanaokitafuta: ni kitabu cha miaka mingi, kwa hiyo mambo ya dawa na vipimo vyake msiyachukue katika nakala kuukuu, bali yalinganisheni na miongozo ya sasa. Lugha yake ndiyo ninayoipendekeza, na adabu yake kwa mgonjwa.

Mpakuzi wa mizigo, Kikuubo, Kampala

Nilisita kuandika kwa sababu niliishia kidato cha pili, ila mwalimu amesema tueleze hali zetu, nami hali yangu inahusika moja kwa moja.

Kiswahili nilifundishwa na madereva wa malori yatokayo Mombasa. Wao walikuwa wakituita makuli, na mimi nililichukua neno hilo kuwa tusi. Mwaka mmoja dereva mtu mzima, ambaye lori lake lilikwama hapa siku nne likisubiri mwenye mali, alinipa kitabu ambacho jalada lake lilikuwa na neno hilo hilo: *Kuli*. Nilidhani ananidhihaki. Akaniambia, "Soma kwanza, mwanangu, halafu unirudishie hasira zako." Ni riwaya ya Adam Shafi wa Zanzibar, iliyochapishwa mwaka 1979, na habari zake ni za wapakiaji na wapakuzi wa bandari ya Unguja hadi mgomo wao wa mwaka 1948.

Kijana Rashidi ni mtoto wa kuli, baba yake anapotea kwa kazi ile ile, naye anaishia kuingia bandarini alikoingia baba. Hapo nilikifunga kitabu kwa siku kadhaa. Baba yangu mzazi alibeba magunia maisha yake yote hadi mgongo ukakataa, na siku nilipokwenda kuchukua nafasi yake hakuna aliyeniuliza kama naitaka. Sikuwahi kudhani kwamba mtu aliyesoma angeweza kukaa chini akaandika jinsi gunia linavyokaa begani, au jinsi msimamizi anavyomsemesha mtu mzima mbele ya mwanawe.

Nilikuwa nakisoma alfajiri, kabla malori hayajafunguliwa, chini ya taa ya duka la jumla. Wenzangu wakaanza kuuliza kuna nini. Nikawa nawasomea ukurasa kwa Kiswahili, kisha naueleza kwa Kiganda, na tulipofika kwenye mgomo tulibishana kwa wiki nzima. Wazee walisema sisi tungefukuzwa siku hiyo hiyo na wengine kuletwa. Vijana walisema wale wa Unguja nao walilijua hilo na bado waligoma. Mzee mmoja, ambaye huwa hasemi sana, alitaka nirudie mara tatu mahali pa baba yake Rashidi, kisha akaondoka bila neno.

Siwezi kusema kama ni kitabu rahisi au kigumu, kwa sababu sina cha kukilinganisha nacho. Najua tu kwamba tangu hapo nikiitwa kuli naitika.

Mstaafu, Gulu

Kijana wa Kikuubo, umeandika vizuri, wala usitaje tena kidato cha pili kama mtu anayeomba radhi.

Mimi naleta ushairi. Okot p'Bitek alizaliwa hapa Gulu mwaka 1931. Shairi lake la Lawino lilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966, na lile la Kiacholi alilotangulia kulitunga likachapishwa mwaka 1969. Baadaye Paul Sozigwa akalitafsiri kwa Kiswahili, *Wimbo wa Lawino*. Nimelisoma kwa lugha zote tatu. Kwa Kiingereza nililisoma shuleni, ambako mwalimu wetu aliligeuza kuwa maswali ya mtihani, nasi tukaligeuza kuwa majibu. Kwa Kiacholi nililisikia zaidi kuliko kulisoma, kwa kuwa shangazi yangu alikuwa akizighani sehemu za kumsuta Ocol, mume wa Lawino, kila mume wa mtu alipojifanya Mzungu.

Kwa Kiswahili nililikuta nikiwa kazini Dar es Salaam, mbali na nyumbani. Nilitegemea kuona kivuli tu. Ajabu ni kwamba nilimsikia Lawino kama mke wa nyumba ya jirani analalamika ukutani kwa Kiswahili, na jirani zangu wa Kipogoro na Kizaramo, ambao hawajui Gulu iko wapi, walikuwa wakicheka mahali pale pale anapocheka shangazi. Nilinyamaza, nikawaacha wacheke, nami nikafuta machozi. Anayefundisha Kiswahili kaskazini asianze na maisha ya pwani. Aanze na Lawino, kwa kuwa mtoto ataijua nyumba kabla hajaijua lugha.

Mvuvi na baba wa mabinti watatu, Kalangala

*Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Mwandishi alikuwa mtu wa Ukerewe, kisiwa kilicho katika ziwa hili hili letu, upande wa kusini, na ndicho kilichonivuta: nilitaka kuona mtumbwi na samaki. Nilichokikuta ni Zakaria, baba anayemchapa binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na yote yanayomfika msichana huyo baada ya kulelewa kwa kamba fupi kiasi kile. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Nilikimaliza usiku, nikiwa na barua ya namna hiyo mfukoni, niliyoikuta katika daftari la binti yangu wa kwanza. Asubuhi nilimrudishia mkononi, tukaongea hadi chai ikapoa. Sitaongeza zaidi, kwa kuwa mengine ni yake.

Mwanafunzi, Kapchorwa

Shikamooni wakubwa. *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta baba yake, na safari inamleta hadi Kitale, ambako sisi tulio upande huu wa Mlima Elgon tuna ndugu na soko. Nilikuwa nimezoea kwamba hadithi za Kiswahili huanzia pwani na kuishia pwani. Hii inapanda mlima kuja kwetu, nami niliisoma kwa siku mbili.

Karani wa mahakama, Jinja

*Kusadikika* ya Shaaban Robert, 1951. Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafundisho ya uanasheria katika nchi isiyotaka raia wake waijue sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa na kuishia kuadhibiwa. Ninaketi mahakamani kila siku nikiandika maneno ya watu wasioelewa wameshtakiwa kwa kosa gani, kwa hiyo sikuona fumbo lolote. Lugha yake ni nzito kama chakula cha sherehe, na kwa hilo sikubaliani na wanaompa mtoto wa kidato cha kwanza kitabu hiki kisha wakashangaa anakichukia. Kisubiri umri.

Mama wa duka la vitambaa, Mbarara

Mimi nasoma *Utenzi wa Mwana Kupona*, uliotungwa mwaka 1858 na mama wa Pate aliyekuwa mgonjwa, akimwusia binti yake. Niliupata kwa mke wa imamu wakati mama yangu alipokuwa hospitalini. Yale ya mke kumtumikia mume kupita kiasi siyakubali na sitamfundisha mwanangu. Lakini mwanzo wake, pale mama anapomwita binti aje na wino na karatasi kwa kuwa ana jambo la kumwambia, nilimsomea mama yangu kitandani, nikimfafanulia kwa Kinyankore, naye akaniambia nilete karatasi.

Dereva wa teksi, barabara ya Masaka

Naomba ruhusa kuvunja kanuni kidogo. Kitabu changu ni cha Kiingereza, *Kintu* cha Jennifer Nansubuga Makumbi, kilichochapishwa Nairobi mwaka 2014. Mwaka 1750 Kintu anavuka eneo la Lwera, ambalo barabara hii yetu hulipita, akielekea kwa kabaka mpya, na kofi moja alilompiga kijana wake wa kulea linaandama ukoo mzima hadi Kampala ya 2004. Mimi navuka Lwera mara nne kwa siku. Tangu nikisome, kila nikifika pale napunguza mwendo, na abiria wakiuliza nawasimulia kwa Kiswahili, maana teksi huwa na watu wa kila kabila. Natamani sana nikisome kwa Kiswahili, nisiwe natafsiri huku nimeshika usukani.

Mwalimu wa Masaka (mwanzilishi wa mada)

Dereva, umesamehewa, na wewe tafsiri ukiwa umesimama kituoni.

Mama mmoja ameniuliza kwa simu amnunulie nini mvulana wake wa miaka 13 anayesema Kiganda nyumbani na Kiingereza shuleni. Jibu langu halijabadilika: ampe Bwana Msa kwanza, kisha *Siku Njema*. Karani ana haki kuhusu *Kusadikika*, na *Rosa Mistika* mzazi akisome yeye kabla ya mtoto. Nami nakiri kwamba Mzee wa Gulu amenitikisa. Miaka yote nimefundisha ushairi kwa kuanzia na mashairi ya pwani, na muhula ujao nitaanza na Lawino nione.

Ndugu wa Kikuubo, *Kuli* sijapata kukisoma. Nakala yako ipo?

Mpakuzi wa mizigo, Kikuubo, Kampala

Ipo, mwalimu, ila kwa sasa anayo yule mzee aliyeondoka bila neno. Alirudi wiki iliyofuata akaiomba, na anasoma polepole kwa sababu macho hayamsaidii. Amebakiza kurasa kama ishirini. Jalada lilikuwa limeachia, nimelishona kwa uzi wa magunia. Akimaliza nitampelekea dereva wa barabara ya Masaka pale kwenye bustani ya teksi, akupe.

Dereva wa teksi, barabara ya Masaka

Niletee Jumamosi kabla ya saa mbili asubuhi. Nauli ya kitabu sitozi.