Tayari tunalipia barabara kwenye kila lita ya mafuta. Barabara za kulipia zinakuja kutudai nini tena?

Mzabibu wa Mpunguzi ameuliza:

Naomba nieleweshwe na wenye ujuzi wa barabara na bajeti, kwa sababu mjadala wa barabara za kulipia umejaa hasira kuliko hoja, na mimi mwenyewe ni mmoja wa wenye hasira.

Ninanunua zabibu Mpunguzi na Matumbulu na kuzisafirisha hadi Dar es Salaam. Tuchukue lori lililosheheni, linalotumia lita 40 kwa kilomita 100. Kwa safari ya kama kilomita 450 litakunywa lita 180 hivi. Mwaka 2017 leseni ya mwaka ya magari ilifutwa, na badala yake shilingi 40 zikaongezwa kwenye ushuru wa bidhaa kwa kila lita. Mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwa petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Mwaka 2023 zikaja 100 nyingine, safari hii kwa miradi ya kimkakati. Nyongeza hizo tatu peke yake ni shilingi 240 kwa lita, yaani shilingi 43,200 kwa safari ya kwenda tu, na hapo sijagusa tozo iliyokuwapo kabla yake. Lori likirudi tupu linatumia mafuta pungufu, lakini bado linalipa.

Sasa tumekuwa tukisikia mpango wa barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha hadi Chalinze na kuendelea hadi Morogoro, kilomita 205 kwa jumla, kwa ubia wa serikali na sekta binafsi. Sisi wa Dodoma, Singida na Tabora hatuna njia nyingine ya maana ya kufika bandarini kwa gari isipokuwa hiyohiyo. Je, fedha tunazokatwa kwenye mafuta zinakwenda wapi hadi barabara mpya ihitaji geti? Na geti likiwekwa, tutapunguziwa tozo ya mafuta au tutalipa huku na huku?

Fundi Mitaro amejibu:

Ndugu Mzabibu, nimefanya kazi za matengenezo ya barabara katika mikoa ya kati kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na swali lako nimelisikia mara nyingi kutoka kwa madereva waliosimama kando ya barabara wakitutazama tukiziba mashimo. Kuna jambo moja ambalo halielezwi vya kutosha: tozo ya mafuta inayoingia katika Mfuko wa Barabara haikuwekwa ili ijenge barabara mpya. Sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha za Mfuko zitumike kwa matengenezo, na kiasi kidogo kinachobaki ndicho kinachoweza kwenda kwenye maendeleo. Ujenzi hutoka katika bajeti kuu ya serikali na katika mikopo. Barabara ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, ilijengwa kwa mchango mkubwa wa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani. Barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, ile ya kilomita 112.3 inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, nayo imetegemea mkopo wa benki hiyohiyo. Mikopo hiyo inalipwa na kodi za watu wote, akiwemo bibi wa Mvumi asiyewahi kuwa na baiskeli.

Kwa hiyo unapouliza fedha zinakwenda wapi, jibu la kwanza ni kwamba zinagawanywa. Kwa mgawanyo uliozoeleka, asilimia 70 huenda TANROADS, wakala wa serikali wenye barabara kuu na za mikoa zinazozidi kilomita 36,000, na asilimia 30 huenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wenye mtandao unaozidi kilomita 144,000. Hebu tazama namba hizo kwa utulivu. Aliye na barabara nyingi mara nne anapata sehemu ndogo. Ni kweli kwamba barabara kuu hubeba magari mengi na mazito zaidi, hivyo mgawanyo sawa kwa kilomita ungekuwa upuuzi. Lakini ndiyo sababu ile shilingi 100 ya mwaka 2021 ililengwa kwa barabara za TARURA.

Jibu la pili linahusu ardhi yetu na magari yetu. Sehemu kubwa ya Bahi na maeneo ya mbuga yana udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, kiasi kwamba lami nzuri kabisa iliyojengwa juu yake bila kuondoa udongo huo hutengeneza mawimbi ndani ya misimu michache. Makorongo yetu hukaa makavu miezi saba, kisha mvua ya saa mbili inaleta maji, mchanga na magogo kwa pamoja, na kalavati lililoziba linageuza tuta la barabara kuwa bwawa. Asilimia kubwa ya kazi niliyoifanya maishani ilikuwa ya maji, si ya lami.

Kisha kuna uzito. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu. Maana yake ekseli ya tani 12 inaiumiza barabara kiasi cha mara mbili ya ekseli ya tani 10, ingawa uzito umeongezeka kwa asilimia 20 tu, na mafuta ya ziada, na kwa hiyo tozo ya ziada, hayakaribii hata kidogo kufikia mara mbili. Gari dogo halina mchango wowote wa kuonekana katika uharibifu huo. Hapo ndipo tozo ya mafuta inapokosa haki: inamtoza kila mtu kwa lita, wakati barabara inauawa na ekseli. Mizani ya Nala na mingineyo haipo ili kuwaudhi watu. Ipo kwa sababu hiyo.

Soko la Mahindi Kibaigwa amejibu:

Mzee Fundi, maelezo yako ni mazuri na nayaheshimu, lakini naomba uione barabara kutoka kwenye kiti cha mwenye lori. Ninalipa tozo kwenye dizeli. Ninalipa ushuru wa mazao wa halmashauri. Ninapanga foleni kwenye mizani, na baada ya hapo ninatembea kwa kilomita 50 kwa saa katika kila kijiji huku nikiitafuta tochi, ile kamera ya trafiki ya kupima mwendo. Baada ya yote hayo, mtu ananiambia kwamba barabara bora itakuwa ya kulipia, kana kwamba hizi nyingine nilipewa bure.

Hata hivyo sitadanganya: kama kipande cha Chalinze hadi Kibaha kingeniokoa saa tatu za foleni, ningelipa geti bila kunung'unika, kwa sababu lori lililosimama linakula posho ya dereva na utingo na linanikosesha mzigo wa kurudi nao. Ninachokataa ni kulipishwa kwa kulazimishwa. Barabara ya zamani iachwe hai, ikarabatiwe kama kawaida, na nichague mwenyewe siku ya kulipa na siku ya kutolipa. Mahindi hayana haraka. Nyanya zina haraka.

Karani wa Mikataba amejibu:

Ndugu wa Kibaigwa amegusa kiini cha jambo, na ningependa kulipanua kwa sababu kazi yangu ni kusoma mikataba. Watu wengi hudhani kwamba ubaya au uzuri wa barabara ya kulipia unakaa kwenye kiwango cha ada. Kwa maoni yangu unakaa katika maswali ambayo dereva haoni: nani anabeba hasara endapo magari yatakuwa machache kuliko yaliyotabiriwa, mkataba ni wa miaka mingapi, nani ana mamlaka ya kupandisha ada, na je, serikali imejifunga kutoiboresha barabara ya pembeni ili wateja wasikimbie geti. Kipengele hicho cha mwisho kimewahi kuwekwa katika mikataba ya nchi nyingine, na ni hatari sana kwa watu wasio na njia mbadala kama sisi wa kanda ya kati. Serikali imesema kwamba barabara ya sasa itabaki bila malipo. Mimi ningependa kuliona jambo hilo ndani ya mkataba, pamoja na kiwango cha matengenezo kitakachodumishwa, kwa maana barabara inaweza kubaki bila malipo na bila lami pia.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta uzoefu. Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, likiwa limejengwa kwa fedha za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na za serikali, na ada yake ililalamikiwa kwa miaka hadi ilipopunguzwa mwaka 2022. Tusisahau kwamba fedha za NSSF ni akiba za wanachama, kwa hiyo kila nafuu anayopewa mvukaji inagusa muda ambao akiba hizo zitarudi. Nairobi wanayo barabara yao ya juu ya kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022 na kukabidhiwa kwa kampuni ya Kichina iendeshe kwa miaka 27. Ada ilipandishwa Januari 2024, kabla haijatimiza miaka miwili. Mwekezaji anayekopa kwa dola na kukusanya kwa shilingi lazima amtafute mtu wa kubeba tofauti hiyo shilingi inaposhuka, na mtu huyo ama ni dereva ama ni Hazina.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa Gauteng, Afrika Kusini. Kule barabara zilizokuwapo zilipanuliwa, kisha Desemba 2013 zikawekwa mitambo ya kuhesabu magari na kutuma ankara. Wananchi waliona, kama Mzabibu anavyoona, kwamba walikuwa wakilipa tozo ya mafuta na sasa wanalipishwa tena kwa barabara ileile, na wengi wao wakaacha tu kulipa ankara. Mwezi Aprili 2024 mfumo huo ulizimwa, na deni likagawanywa: serikali ya jimbo ikakubali kubeba asilimia 30 na serikali kuu iliyobaki. Hivyo waliokuwa wakilipa kwa uaminifu na wale waliogoma wote wanalilipa deni hilohilo kupitia kodi. Huwezi kukusanya ada kwa miaka 20 kutoka kwa watu ambao hawakukubaliana nawe siku ya kwanza, hata uwe na kamera nzuri kiasi gani.

Mwalimu wa Chemba amejibu:

Ndugu zangu, mmezungumza kama vile barabara ni ya wenye magari pekee. Mimi sina gari. Nauli ya basi ninayolipa kwenda Dodoma mjini ina tozo ya mafuta ndani yake, sukari dukani ina tozo hiyo ndani yake, na bodaboda anayempeleka mjamzito zahanati anainunua petroli kwenye chupa kwa bei inayozidi ya kituo. Barabara tunayopita masika ni ile ambayo haina geti na haitapata kuwa nalo, kwa kuwa hakuna mwekezaji atakayeitaka. Hofu yangu ni kwamba viongozi wakishaanza kushughulika na barabara zinazoingiza fedha, zetu zitaendelea kuzibwa kwa udongo wa kuazima. Je, barabara ya kulipia inaupunguzia Mfuko mzigo ili fedha zije huku, au ni miradi miwili isiyojuana?

Fundi Mitaro amejibu:

Mwalimu, swali lako ndilo ambalo ningemwuliza mbunge kabla ya yote. Kwa nadharia, kilomita inayotunzwa na mwekezaji ni kilomita ambayo Mfuko hauitunzi tena. Lakini katika mpango huu barabara ya zamani inabaki mikononi mwa serikali, kwa hiyo Mfuko haupungukiwi na kilomita hata moja. Unachopungukiwa ni uzito, endapo malori mazito yatahamia kwenye barabara mpya. Ada ikiwekwa juu sana kwa malori, itakuwa kinyume: magari madogo yatapita kwenye geti na malori yatabaki kuiponda barabara ya bure. Kwa hiyo ningeomba ada ya lori ihesabiwe pamoja na gharama ya uharibifu litakaoufanya likikimbilia barabara ya zamani.

Kuna jambo jingine linalokuja. Bajaji na magari yanayotumia gesi asilia yanaongezeka, na ya umeme yameanza kuonekana. Yote hayo yanapita barabarani bila kununua lita ya petroli. Mwaka 2024 serikali ilipendekeza bungeni tozo kwenye kila kilo ya gesi ya magari, na watu walikasirika sana, lakini anayekaa na hesabu za matengenezo anajua kwamba mapato yaliyofungwa kwenye mafuta hayatakua sambamba na idadi ya magari.

Mzabibu wa Mpunguzi amejibu:

Ninawashukuru. Nimeelewa kwamba tozo ya mafuta ni ya kutunza na wala si ya kujenga, ingawa ile 100 ya mwaka 2023 ilitajwa waziwazi kuwa ya miradi, hivyo mpaka huo si mnyoofu kama Mzee Fundi anavyouchora. Naomba nimwulize Karani jambo moja la mwisho: mkataba wa ubia ukisainiwa, mwananchi wa kawaida ana njia gani ya kuusoma?

Karani wa Mikataba amejibu:

Kaka, kwa kawaida utakuwa na ripoti kuliko mkataba wenyewe. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti zake kila mwaka, na huwa zinafika bungeni mwezi Aprili. Hapo ndipo unapoweza kuona Mfuko ulipangiwa kiasi gani, ulipata kiasi gani, na kazi zipi zilicheleweshewa malipo. Mkataba wenyewe mara nyingi huwekwa kando kwa hoja ya siri za kibiashara. Kama chama chenu cha wasafirishaji wa zabibu kina mwanasheria, muda wa kudai kwamba ratiba ya ada na masharti ya barabara mbadala vitangazwe ni huu wa kabla ya kusaini. Kamati za Bunge hupokea maoni ya maandishi wakati wa bajeti, na barua yenye hesabu kama zile ulizoanza nazo hapo juu itasomwa kwa makini kuliko malalamiko matupu.

Mzabibu wa Mpunguzi amejibu:

Chama tunacho, mwanasheria hatuna. Ndugu wa Kibaigwa, kama na ninyi mko tayari, tuandike barua moja ya zabibu na mahindi. Nitumie gharama zako za foleni kwa wiki nizijumuishe.