Akili mnemba iagizie dawa zahanati za Kusini: tuikubali au tuikatae?

Kuchele: Hoja ni hii: programu isome takwimu za MTUHA, yaani kumbukumbu za wagonjwa na huduma za zahanati, na leja za dawa, ibashiri mahitaji ya kila zahanati ya Mtwara na Lindi kabla ya mvua za Desemba. Naunga mkono. Malaria hupanda na mvua, na wauguzi wetu wanapika takwimu.

Lukuledi: "Wanapika"? Futa hilo neno! Muuguzi huyo huyo anapima, anazalisha, anachoma chanjo, jioni ndipo ajaze Kitabu namba 5, rejista ya wagonjwa wa nje. Kuchoka na kupika ni vitu viwili.

Kuchele: Uchovu hauleti malaria sifuri mwezi Machi.

Lukuledi: Vipimo vya haraka vikiisha, hakuna malaria iliyothibitishwa, inaandikwa homa. Au fomu ilikuja na nafasi tupu, aliyeingiza kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, akaweka sifuri. Mashine itasoma kwamba ugonjwa umekwisha. Huyo muuguzi kapika nini?

Mfamasia Nachingwea: Mnagombea muuguzi, leja hamjaigusa. Dawa mseto ya malaria ikiwepo siku 10 kati ya 30, zikatoka dozi 40, mahitaji ni kama 120: gawanya 40 kwa 10, zidisha kwa 30. Programu isiyopewa siku za ukosefu itaagiza 40, ziishe tena mapema, na mwezi ujao iagize 40 zile zile. Halafu pakiti. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 anameza vidonge 6 kwa dozi nzima, wa kilo 35 na kuendelea 24. Za watoto zikiisha, pakiti ya 24 inakatwa mara nne. Leja inaonyesha mtu mzima mmoja katumia, kumbe ni watoto wanne. Programu inaleta za wakubwa tena!

Kuchele: Kwa hiyo wanakata pakiti na hawaandiki. Si nilisema?

Lukuledi: Ulitaka mtoto arudishwe Tandahimba na homa yake?

Mfamasia Nachingwea: Akate, ila safu ya maelezo iandikwe "24 imekatwa, watoto 4". Bila hiyo hata binadamu atakosea kuagiza.

Mikindani: Aandike saa ngapi? Zahanati ya mtumishi mmoja, foleni hadi mlangoni. Nileteeni kwanza mtunza dawa wa kila zahanati.

Kuchele: Mshahara wake nani analipa, halmashauri?

Mikindani: Ushuru wa korosho unakwenda wapi?

Lukuledi: Hapo sasa. Tuanzie hapo.