Tupeane uzoefu: Baada ya kujifungua kwa upasuaji, uliruhusiwa kula lini?

Wapendwa, naomba waliojifungua kwa upasuaji watueleze walianza lini kunywa na kula, ni nani aliyewaruhusu, na tumbo lilipokeaje. Majibu ninayopewa yanapingana: wapo wanaosisitiza kwamba ni lazima mama ajambe kwanza, na wapo walioletewa chakula kabla hata miguu haijatoka ganzi. Tafadhali taja pia kama ulichomwa ganzi ya mgongoni au ulilazwa kwa nusu kaputi.

Mama Pacha: Mimi ni wa kundi la kusubiri hewa. Kila muuguzi aliyepita kitandani aliniuliza kama nimeshajamba, na nilipojibu bado, dripu iliendelea na midomo yangu ikalowanishwa kwa pamba tu. Kidonda kiliuma, ndiyo, lakini kilichoninyima usingizi ni kiu. Na kumnyonyesha mtoto huku kichwa kinazunguka ni jambo nisilomtakia mtu.

Mkunga Mstaafu: Pole sana, mama. Sharti hilo lilitokana na hofu kwamba utumbo ungekuwa bado umelala, hivyo chakula kikiingia mapema mama angetapika na tumbo kujaa. Hata hivyo, katika upasuaji wa kujifungua usio na matatizo utumbo haukatwi. Kinachopasuliwa ni ukuta wa tumbo na mfuko wa uzazi, na utumbo mwembamba hurudia kazi yake mapema. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, hayakuona sababu ya kumnyima chakula na kinywaji mama wa namna hiyo, na mwongozo wa mwaka 2019 wa ERAS, mpango wa kumsaidia mgonjwa apone haraka baada ya upasuaji, unapendekeza arudie mlo wa kawaida ndani ya saa 2 baada ya kujifungua. Zipo wodi ambazo bado zinafuata utaratibu wa zamani kwa mazoea tu, na sioni aibu kulisema.

Bi Mtulivu: Nilichomwa ganzi ya mgongoni, presha ikashuka, nikatapika nikiwa bado mezani. Kwa hiyo chakula kilipoletwa mapema nilikiogopa. Muuguzi hakunilazimisha: alininyanyua kidogo, akanipa maji kwa vijiko, akasubiri, akanipa tena, na kichefuchefu kilipotulia nikala chakula laini bila shida yoyote. Kilichonisumbua baadaye ni choo kigumu, ambacho daktari alisema kilichangiwa na dawa kali za maumivu, akanihimiza kunywa maji ya kutosha na kuanza kutembea.

Mama Pacha: Na chingamu je? Jirani yangu wodini alipewa atafune, nikadhani ni mzaha.

Mkunga Mstaafu: Si mzaha. Kutafuna huuzindua utumbo kana kwamba chakula kinakuja, na tafiti zimeonyesha kwamba hewa hutoka mapema zaidi kwa wanaotafuna. Inafaa hasa pale chakula kinapochelewa, mradi mama awe macho kabisa na kichefuchefu kimekwisha.

Wa Tatu Salama: Naomba niwe sauti ya tahadhari. Upasuaji wangu wa mwisho ulikuta utumbo umegandamana na kovu la zamani, ukajeruhiwa wakati wa kuutenganisha na ikabidi ushonwe, kwa hiyo daktari akaagiza nisile hadi aniruhusu mwenyewe. Ndugu zangu, kwa upendo, walitaka kuninywesha supu kwa siri, na ilibidi muuguzi awaeleze kilichotokea ndani ndipo wakaelewa. Dada muuliza swali, kabla ya kijiko cha kwanza, mwulize aliyekupasua kama kuna chochote kilichoguswa zaidi ya mfuko wa uzazi.

Mkunga Mstaafu: Naunga mkono. Aliyetokwa na damu nyingi, aliyepata kifafa cha mimba, au ambaye bado ana usingizi wa nusu kaputi, naye husubiri kauli ya daktari. Na kwa aliyekwisha kula, tumbo likivimba na kuwa gumu, akitapika mfululizo, au hewa ikikataa kutoka huku maumivu yakizidi, aache kula na amwite muuguzi hapo hapo.