Difenda 300Tdi ya 1997 inagoma kuwaka asubuhi ikilala pua juu: ni upepo kwenye dizeli au pampu?

mkaa_mafinga
Wakuu salaam. Naomba ushauri kabla sijaruhusu pampu ishushwe.

Gari ni Land Rover Defender 110, injini 300Tdi, ya 1997. Ikilala usiku kucha, asubuhi napiga stata sekunde kumi, kimya. Napiga tena, kimya, hata moshi hautoki. Ya tatu au ya nne ndipo moshi mweupe unaanza kutoka, inakohoa, inawaka kwa kuyumba kama nusu dakika halafu inatulia. Baada ya hapo mchana wote inawaka kwa kugusa tu ufunguo, na nguvu barabarani ipo.

Kitu kinachonishangaza: uani kuna mteremko. Nikiiegesha pua juu, ndiyo shida hiyo. Pua chini, inawaka vizuri. Betri mpya, filta ya dizeli nimebadilisha juzi lakini tatizo lilikuwepo kabla. Fundi mmoja anasema pampu kubwa (ile ya kusukuma dizeli kwenye injini kwa presha) imekufa, mwingine anasema hita plagi (zinazopasha slinda kabla ya kuwasha), maana huku ni baridi. Nani yuko sahihi?

Pia tairi la mbele kushoto, lile tufe la kung'aa nyuma yake lina oil. Hilo si haraka.

spana13
Mkuu, pampu iache hapo hapo ilipo. Jibu umeshaliandika mwenyewe, ni ule moshi.

Injini ya dizeli inayosukwa na stata huku dizeli inaingia kwenye slinda lakini haiungui, lazima itoe moshi mweupe. Hiyo ndiyo ya hita plagi au kompresheni. Ikisukwa bila moshi wowote, maana yake dizeli haijafika kwenye nozeli (zinazopulizia dizeli kwenye slinda). Wewe unaanza bila moshi, kisha moshi, kisha inawaka. Yaani stata yako inafanya kazi ya kutoa upepo kila asubuhi. Na pampu kubwa iliyochoka kwa kawaida inasumbua zaidi injini ikiwa ya moto, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na inavuja ndani kwa ndani. Ya kwako ya moto inawaka kwa kugusa.

Tangi la 110 liko nyuma. Pua ikiwa juu, injini iko juu zaidi ya tangi, dizeli inataka kurudi chini. Lakini hairudi mpaka ipate pa kuvuta hewa. Chukua mrija, ujaze maji, ziba juu kwa kidole: maji hayashuki. Achia kidole, yanashuka. Kazi yako ni kutafuta hicho kidole kilichoachia.

Dawa ya kupima: dumu la lita 5 lenye dizeli safi, liweke juu ya boneti, mpira moja kwa moja mpaka kwenye filta. Ilaze hivyo pua juu. Asubuhi ikiwaka mara moja, ubovu uko upande wa tangi.

chekecheke
Hapo kwenye dumu juu ya boneti sikubaliani na spana13. Dizeli ikishuka yenyewe kutoka juu, kila kiungo kinakuwa na msukumo wa kutoka nje. Hata kama pampu kubwa au kichwa cha filta ndicho kinachovuta hewa, gari litawaka vizuri na wewe utakwenda kufungua tangi bure. Hicho kipimo kinaficha ubovu.

Dumu liweke CHINI, sakafuni, usawa wa tangi au chini yake. Chomoa mpira unaoingia kwenye fidi pampu (ile ndogo ubavuni mwa bloku, inayosukumwa na kemshafti), ziba ule wa kutoka kwenye tangi kwa bolti safi na klampu, vuta mpira mpya mpaka ndani ya dumu, ncha ifike chini kabisa. Toa upepo, washa, acha ichemke, zima, lala. Asubuhi:

– ikiwaka mara moja, ubovu uko kati ya tangi na fidi pampu;
– ikigoma kama kawaida, ubovu uko kuanzia fidi pampu kwenda mbele: kichwa cha filta, bolti za banjo (zenye tundu la kupitisha dizeli) na washa zake, pampu kubwa, au bomba la marejeo (linalorudisha dizeli tangini).

Ukiweza, kipande cha mpira unaoonyesha ndani, urefu wa shubiri moja, ukiweke kati ya filta na pampu kubwa. Asubuhi kabla hujagusa ufunguo kitazame. Kikiwa kitupu nusu, umeshaona kwa macho. Mpira huo ni wa kupimia tu, uutoe baadaye, kwa sababu joto na dizeli vinaukausha unapasuka.

spana13
Kweli, nimekosea hapo. Chini ni sahihi.

kiboko_ya_tope
Sawa, ila hita plagi msizidharau. Mafinga mwezi wa sita na wa saba si mchezo. Ziko nne. Fungua waya unaoziunganisha, uzitenganishe zote. Chukua taa ya kupimia, upande mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine gusa kichwa cha plagi moja moja. Taa ikiwaka, plagi hiyo ina njia. Isipowaka imekatika. Mwenye mita ya omu atasoma chini ya omu 1 kwenye nzima. Kisha rudisha waya, mtu awashe ufunguo bila kupiga stata, upime kama volti zinafika: plagi nzima zisizopata umeme ni sawa na hakuna plagi. Ukizifungua, zifungue injini ikiwa na uvuguvugu na taratibu, zikikatikia kwenye slinda hedi utalia.

Halafu usipige stata zaidi ya sekunde 10 hadi 15 kwa mkupuo. Ipumzishe nusu dakika walau. Stata ya kuungua ni ghali kuliko ubovu wenyewe.

bibi_gereji
Naongeza tatu ambazo mafundi wengi wanaruka.

Kwanza, dipstiki. Oil ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, diaframu (utando wa ndani) ya fidi pampu imechanika na dizeli inashukia kwenye sampu, chungu cha oil chini ya injini. Hapo gari lisiwashwe mpaka ubadilishe fidi pampu na kumwaga oil.

Pili, washa za shaba za bolti za banjo. Ulipobadilisha filta, zilirudishwa zile zile? Shaba ikishabanwa inakuwa ngumu, haikai tena. Mpya ni bei ya soda. Ukikosa, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, ipoze, isugue kwa msasa laini mpaka uso uwe sawa, itakuwa laini tena.

Tatu, oring (sili za duara za mpira) za pampu kubwa. Tangu 2015 dizeli ya nchi za Afrika Mashariki ilishushwa salfa mpaka 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni), na sili za mpira za zamani zilizozoea dizeli ile nyingine zinaweza kusinyaa. Dalili ni unyevu kuzunguka mwili wa pampu. Ifute ikauke kabisa kwa kitambaa, nyunyiza poda ya mtoto, washa dakika kumi. Poda itakuonyesha inapolowa. Ila ujue sehemu nyingine inavuta hewa ikiwa imezimwa bila kuvujisha tone ikiwa inaunguruma, kwa hiyo ukavu peke yake si ushahidi.

mkaa_mafinga
Wakuu nimerudi. Dipstiki iko sawa, haina harufu. Hita plagi tatu taa imewaka, moja imekufa, nimeagiza. Dumu nimeliweka chini kama alivyosema chekecheke, usiku mbili, pua juu. Zote imewaka ndani ya sekunde mbili, na mpira wa kuonyesha ulikuwa umejaa. Kwa hiyo ni upande wa tangi. Nianzie wapi?

chekecheke
Anzia kwenye kikombe cha kutenga maji, kama gari lako linacho. Kiko kwenye chesesi karibu na tangi. Kina oring au sili ya mpira inayokaa mfereji wa juu, na plagi ya kumwagia chini. Watu wanamwaga maji, wanafunga, hawabadilishi sili miaka kumi. Ifungue, osha kwa dizeli, usitumie petroli kwenye mpira. Sili iliyochoka utaijua: imekuwa bapa, haina duara tena, na ukiikunja inaonyesha nyufa ndogo kama kisigino cha kiangazi. Mpya ipake dizeli kabla ya kuivisha, ikae bila kujipinda, kaza bolti ya katikati kwa kiasi. Ukiikaza kwa hasira kikombe kinapasuka.

Kikiwa kizuri, fuata bomba kwenda tangini. Bomba la kuvuta lililo juu ya tangi linaoza pale linapoingilia, chini ya udongo uliogandana. Safisha kwa brashi kabla ya kufungua chochote, mchanga usiingie.

Kutoa upepo baada ya hapo: legeza skrubu ya juu ya kichwa cha filta, pampu kwa mkono ule wenzo wa fidi pampu mpaka dizeli itoke bila povu, kaza ikiwa bado inatiririka. Wenzo ukiwa mlegevu hauna nguvu, fidi pampu haijafa, ni kemu ya kemshafti imeusukuma. Zungusha injini mzunguko mmoja, jaribu tena. Ikigoma kuwaka, legeza nati za bomba kwenye nozeli mbili kwa nusu mzunguko, piga stata mpaka zilowe, kaza. Mikono na uso mbali: dizeli ya presha inapenya ngozi.

spana13
Na ukiwa chini ya gari hivyo, tazama tundu la chini la kava ya mkanda wa taimingi. Vumbi jeusi la mpira likitoka hapo, mkanda unasuguana pembeni. 300Tdi za mwanzo zilikuwa na ugonjwa huo. Oil ikitoka, ni sili ya kranki au ya kemu. Mkanda ni kilomita 120,000, kwa vumbi letu fanya 60,000. Pengo la vavu pia: 0.20 mm zote, injini baridi. Kanuni ya 9: vavu ya 8 ikiwa imebonyezwa chini kabisa, pima ya 1, ya 6, pima ya 3, ya 4, pima ya 5, hivyo hivyo jumla iwe 9.

mkaa_mafinga
Ilikuwa sili ya kikombe. Bapa kabisa, na upande mmoja imejipinda. Usiku wa tatu huu pua juu, inawaka. Asanteni sana. Sasa lile tufe?

bibi_gereji
Pitisha ukucha juu ya tufe lote, gari likiwa limekatwa kona kulia kisha kushoto. Ukucha usipokwama, na oil ni utando tu unaoshika vumbi, acha. Sili inahitaji huo utando. Ukikwama kwenye vishimo vya kutu, sili mpya italiwa mara moja, badilisha na tufe, na kazi hiyo inataka tufe lishuke kwenye ekseli.

Kabla ya hapo fungua plagi ya kujazia. Inaingia lita 0.35 ya oil ya gia EP90, au pakiti moja ya grisi laini ya tufe. Ukikuta imejaa kupita plagi na ni nyepesi, angalia difu ya mbele, inayobeba lita 1.7. Ikiwa imepungua, oil inapita sili ya ndani, na kubadilisha ya nje hakutasaidia kitu.