Naomba ushauri: mikutano ya hadhara inayotawaliwa na wasemaji wale wale

Ndugu wanachama, salaam. Nimepewa jukumu la kuratibu mikutano ya hadhara ya kukusanya maoni ya wakazi kuhusu barabara itakayopita kwenye makazi yao. Kinachonisumbua si mahudhurio. Ni kwamba kipaza sauti kikishashikwa na wazee wawili watatu na yule mwenye mazoea ya kuhutubia, wanawake waliokaa nyuma na vijana waliosimama pembeni hunyamaza hadi kikao kinafungwa, kisha hutoa ya moyoni wakiwa njiani kurudi nyumbani, ambako hakuna anayeandika muhtasari.

Nimefikiria kuwagawa katika makundi ya watu 8 hadi 10, kila kundi na mwandishi wake, lakini nahofia wataona tunawatenganisha ili wasiwe na sauti moja, na hofu hiyo, kusema kweli, si ya bure. Aliyewahi kutumia njia hii aliwaelezaje wahudhuriaji?

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, mtaalamu Mmarekani wa ushiriki wa wananchi, katika ngazi yake ya ushiriki yenye vidato 8, inayopanda kutoka wananchi kutokuwa na nguvu yoyote hadi kuamua wenyewe, aliweka kushauriana katikati tu, kwa kuwa anayesikilizwa hana uhakika kwamba maoni yake yatabadilisha uamuzi. Kwa vile sehemu ya njia ya barabara imeshaamuliwa, mimi naona tuwaambie wazi tangu mwanzo ni yapi bado yanajadilika, ilhali wenzangu wanadai tutawakatisha tamaa. Mnashauri nini? Na majibu yarudishwe kwa mkutano mwingine, au tangazo la ubaoni linatosha?